Mgonjwa wangu wa kwanza, machela ya chuo, na lori la samaki lililotuacha Kasekese

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba, shikamoo zenu nazipokea hata kabla hamjazitoa.

Nimeona kuna kijana kauliza humu kama kujitolea huduma ya kwanza akiwa chuo kutamharibia masomo. Nilitaka nimjibu mistari miwili nikalale, nikajikuta naandika gazeti. Basi bora nilifungulie uzi wake.

Yote ni ya kweli, na sehemu kubwa yananiaibisha mimi mwenyewe, kwa hiyo sina cha kupamba. Majina tu ndiyo nimebadili.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mpanda ilikuwa wilaya, tuko Mkoa wa Rukwa, na ukisema Katavi watu wanafikiria viboko na tembo wa mbugani. Mimi ni mtoto wa Nsemulwa, mama Mkonongo, baba Mfipa, mwanamke pekee mwaka wa kwanza kwenye kikundi cha huduma ya kwanza cha chuo chetu. Chuo chenyewe sikitaji, baadhi ya walimu bado wapo na wanasoma humu.

Aliyetufundisha alikuwa mganga mstaafu wa jeshi, tukimwita Afande. Alikuwa anatukimbiza uwanjani saa kumi na moja asubuhi tukiwa tumembeba mwenzetu kwenye machela, na huyo wa kwenye machela lazima alie kama mgonjwa kweli. Ukilia kwa uvivu unashuka, unabeba wewe.

Tulifundishwa kufunga bendeji, kuweka banzi mguu uliovunjika, kuzuia damu. Na usafi wakuu, usafi! Afande alikuwa na shuka jeupe la kila sanduku la huduma ya kwanza, limefuliwa, limepigwa pasi, limekunjwa pembe nne. Kumfunika mgonjwa kwa kitu kichafu kwake ilikuwa dhambi isiyo na toba.

Mtihani wa kwanza mimi nikaongoza. Wanaume kumi na saba, nikawapiga wote. Sasa mnielewe, nilikuwa na miaka ishirini, nimepewa utepe wa kuvaa mkononi na cheti chenye mhuri. Nilikuwa naenda na utepe sokoni kununua nyanya.

Likizo ya Pasaka tukagawanywa wawili wawili kwenye zahanati za vijijini. Mimi na mwenzangu Deusi, kijana mmoja mpole sana, tukaangukia zahanati moja upande wa Kasekese, kwenye ile barabara ya kwenda ziwani Karema. Mkuu wa pale alikuwa Nesi Agripina. Mama wa maneno machache, mikono haitulii.

Siku tatu za kwanza tulifagia, tukachota maji na kufunga vidonda vya wakulima waliojikata na majembe. Watu wakaanza kuniita dokta. Deusi alikuwa anawasahihisha, anasema sisi ni wanafunzi tu. Mimi nilikuwa naitika.

Siku ya nne, alfajiri, wakafika wanaume wawili na baiskeli moja. Mmoja anaitwa Mabula, Msukuma, wale waliohamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Mwingine ni mdogo wake, Shija. Mke wa Mabula, Minza, alikuwa na uchungu siku ya pili sasa, mimba ya kwanza, na mtoto hatoki. Mama mzazi wa Mabula, ambaye ndiye mkunga wa kitongoji kizima, alikuwa ameshasema hii imemshinda, apelekwe.

Nesi Agripina akauliza maswali matatu tu, akajibiwa, akakunja uso. Akasema huyu ni wa kupasuliwa, na kupasuliwa ni Mpanda mjini. Akichelewa hadi jioni tunapoteza wote wawili.

Gari la wagonjwa halikuwepo, na simu ya upepo ya misheni ilikuwa imekufa tangu masika yaanze. Kilichokuwepo ni lori la samaki. Mzee Rashidi wa Karema alikuwa anapita kila wiki mara mbili kupeleka migebuka na dagaa mjini, na siku hiyo ilikuwa siku yake, kama saa tano hivi.

Nesi hakuweza kuondoka, alikuwa na mama mwingine ndani anajifungua. Basi akapanga. Deusi na Mabula wabaki barabarani wamzuie Mzee Rashidi, kwa sababu dereva hamsubiri mwanafunzi, anamsubiri mwenye mgonjwa. Mimi niende na Shija nikamlete Minza kwa machela.

Wakuu, mgonjwa wangu wa kwanza wa kweli. Nilifunga utepe nikaukaza mpaka mkono ukafa ganzi.

Tukafunga machela ya turubai kwenye baiskeli, nikakaa kwenye keria na sanduku mapajani. Saa moja na nusu ya mashimo na mchanga.

Nikamkuta Minza amelala ubavu kwenye ngozi ya ng'ombe, binti wa umri wangu kabisa, midomo imekauka. Nilimpima mapigo, nikamtazama macho, nikamwambia usiogope nimekuja. Kusema kweli niliyekuwa naogopa ni mimi.

Mama mkwe wake, Bibi Ngolo tumwite, alikuwa ameshaandaa kila kitu: kanga mbili za maua na blanketi la rangi ya udongo. Akaninyooshea blanketi, akasema mfunike na hili, mwanangu, ndilo la safari.

Mimi nikalinusa. Linanuka moshi na maziwa.

Nikamtolea bibi wa watu somo la vijidudu. Somo zima. Mama aliyezalisha nusu ya kijiji, mimi namweleza kuhusu vijidudu, nimesimama, kidole juu. Kisha nikafungua sanduku nikatoa shuka la Afande, jeupe peee, nikamfunika mgonjwa kuanzia miguuni.

Bibi akalikunja blanketi lake. Akazikunja na kanga zake, akaviweka vyote kwenye furushi.

Tukaondoka saa mbili na robo. Wabebaji wanne, Shija na majirani watatu, na Bibi Ngolo nyuma na furushi lake. Mwendo wetu ulikuwa wa haraka, bibi akaachwa mapema.

Kabla ya kufika njia kubwa kuna pori, na lile pori lina mbung'o wa kutisha. Wakamvamia Minza usoni, na jua nalo lilikuwa limeshaanza kuwaka. Halafu nikafikiria, mama mwenye uchungu kuonwa onwa na wanaume barabarani siyo heshima. Nikalivuta lile shuka, nikamfunika na uso.

Alikuwa analalamika kwa chini chini. Nikainama nikamwambia anyamaze kabisa, atunze nguvu za kusukuma baadaye. Akanyamaza. Mgonjwa mtiifu kama yule sijapata tena.

Sasa kwa wasiojua mambo ya kule niwaeleze kitu kimoja. Machela ikipita njiani haina mwenyewe. Ukikutana nayo, uwe na haraka gani, unatua mzigo, unaweka bega, unabeba mpaka utakapopokewa na mwingine. Hata kama hamjuani. Asiyepokea machela atasemwa mpaka wajukuu zake. Ndiyo maana watu wanne tu wanaweza kuanza safari ya saa tatu bila wasiwasi.

Siku ile hakutupokea mtu hata mmoja.

Tulikutana na watu wengi tu, ni siku ya gulio. Mwenye baiskeli anashuka, anasimama pembeni. Mwenye kofia anaivua. Akina mama wanatua ndoo, wanatazama chini. Hakuna anayesema neno, hakuna anayesogea kuweka bega.

Nikawaza mambo mawili, na yote naona aibu kuyaandika.

La kwanza, kwamba watu wa huku wana roho ngumu.

La pili, kwamba wananipa heshima mimi. Nilidhani wameuona utepe! Nikawa nawapungia mkono, taratibu, kama mkuu wa wilaya. Msicheke sana, tuendelee.

Katikati ya njia akatufikia kutoka nyuma mwendesha baiskeli mmoja anaitwa Nikodemu, wale ndugu zetu wa Burundi wa kambi ya Mishamo. Alikuwa anakwenda ziwani kubadilisha maharage kwa dagaa, gunia zima nyuma. Alishuka mbali, akavua kofia, akaja anaikokota baiskeli polepole hadi usawa wangu. Akaniuliza kwa sauti ya chini huyu ni wa kwa nani. Nikamjibu ni mke wa Mabula, mume yuko pale zahanati anatusubiri.

Akatikisa kichwa, akasema Imana ndiyo inajua, yaani Mungu kwa Kirundi. Akatembea na sisi hatua kadhaa kimya, halafu akapanda baiskeli akaenda mbio sana.

Nikasema angalau mmoja ana utu.

Bila mapokezi, wabebaji wangu walikwisha. Tulikuwa tunatua kila baada ya muda mfupi, mabega yamechubuka, Shija anatembea kama mlevi. Nami nikaweka bega, bila mazoea, nikaelewa kwa nini Afande alikuwa anatukimbiza.

Tulipokaribia zahanati ilikuwa inagonga saa sita. Tukasikia vilio, vile vya msiba kabisa, wanawake wengi.

Nikajisemea masikini, yule mama aliyekuwa anajifungua kwa Nesi Agripina kumbe ameshindwa. Nikawaambia wabebaji tupite kwa adabu, pana msiba.

Deusi akatoka mbio kuja kunipokea, macho mekundu. Akanishika mkono, akaniambia pole, usijilaumu, ulijitahidi.

Nikamuuliza lori liko wapi.

Akasema limeshaondoka. Mzee Rashidi alisubiri kweli, alikuwa amekubali kusubiri hadi saa saba. Lakini akaja yule Mrundi wa baiskeli na taarifa kwamba mke wa Mabula amefia njiani, analetwa kwa machela. Mzee Rashidi akashuka, akawaombea dua, akampa Mabula pole, akaondoka. Maiti inazikwa kwao, haipelekwi hospitali, na migebuka mibichi haisubiri msiba.

Nikageuka kuangalia machela. Ndiyo nikaliona lile shuka kwa mara ya kwanza, kama walivyokuwa wanaliona wao. Jeupe, limetandazwa kuanzia utosini hadi vidoleni, limetulia kama sanda; na kule maiti hubebwa na wenyewe, wapita njia husimama pembeni tu.



Nikamuuliza Shija, nyie mlijua? Akajibu bila hasira, anahema tu.

"Tuliona, dada. Ila wewe ndiye uliyesoma."

Hilo neno linanichoma mpaka leo.

Mabula alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, ameshikwa na wanaume wawili, hatuoni kabisa. Akina mama wakaanza kutujia na vilio vyao ili waipokee maiti. Hapo ndipo shuka likainuka, Minza akatoa uso, jasho tupu, akaomba maji.

Waliokuwa mbele walirudi kinyumenyume na kuwaangusha waliokuwa nyuma. Kuna mzee mmoja alipotea, hakuonekana tena siku ile. Mabula alitambaa. Hakuinuka, alitambaa kwa magoti hadi kwenye machela akaushika mguu wa mke wake, na hakuuachia.

Nesi Agripina peke yake ndiye hakukimbia. Alikuja na ile pembe ya kusikilizia mtoto, akaiweka tumboni, akafumba macho. Akasema moyo wa mtoto unapiga, lakini umechoka.

Mimi nikaanza kulia. Akaniambia nitalia baadaye, sasa nimlaze mgonjwa ubavu wa kushoto na nimlowanishe midomo.

Nikodemu alikuwa palepale, ameona yote. Alilifungua gunia lake la maharage, akalitupa chini, akageuza baiskeli kuelekea Mpanda, akaondoka amesimama kwenye pedali.

Yaliyotokea huko mbele alinisimulia Mzee Rashidi mwenyewe, na alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Rejeta la lori lake lilikuwa linavuja, kila mlima lazima apumzike atie maji. Akiwa kwenye mlima wa pili, anaona yule yule Mrundi anakuja, ulimi nje, anapiga kelele kwamba mama yuko hai.

Mzee Rashidi akamtazama. Akamwambia, "Wewe ndiye uliyemuua, sasa wewe ndiye unamfufua. Una kazi gani na huyu mama?"

Hakumwamini hata kidogo. Na nyie mngemwamini? Utingo akamwona kichaa, akafunga bodi.

Nikodemu hakubishana. Aliinyanyua baiskeli yake akaitupia juu ya magunia ya dagaa. Akasema kama tukirudi tukamkuta amekufa, hii ni yako, mimi nitarudi Mishamo kwa miguu.

Mliowahi kuishi kule mnajua baiskeli ilikuwa nini kwa mtu wa Mishamo miaka ile. Ilikuwa shamba, ilikuwa duka, ilikuwa miguu ya watoto wake. Mzee Rashidi akapanda, akatafuta mahali pa kugeuzia.

Huku nyuma sisi tulisubiri, na nilikuwa nahesabu pumzi za Minza. Sikumwambia tena anyamaze. Nilimwambia aniongeleshe, akaniambia majina ya ng'ombe wao. Uchungu ukija anakata, ukipita anaendelea.

Bibi Ngolo akafika na furushi lake, kijasho chembamba. Akatuangalia sote, akaelewa bila kuambiwa. Sikungoja aseme. Nilimpokea furushi, nikatoa lile blanketi la moshi na maziwa, nikamwomba anionyeshe linavyofungwa.

Akanionyesha. Hakunisema hata neno moja, na mimi nilitamani anitukane.

Saa nane tukasikia honi.

Minza tukampandisha juu ya magunia ya dagaa, godoro la zahanati chini, kanga za maua na blanketi juu, uso wazi, kila mtu aone ni mgonjwa hai. Bibi Ngolo akapanda na wanawake watatu, na kazi yao ilikuwa moja: vigelegele. Kila kijiji tulichopita walipiga, ili taarifa ya asubuhi ifutwe, watu wasije wakapika msiba bure. Nikodemu alikaa kwenye bodi, ameishika baiskeli yake. Mimi nilinuka dagaa wiki nzima.

Mjini tulifika kama saa kumi na moja. Daktari hakupoteza muda, machela ikapitiliza moja kwa moja.

Mabula alisimama nje ya mlango na hakutaka kukaa. Mimi nilikaa sakafuni. Sikuomba Mungu vizuri, nilikuwa nasema tu tafadhali, tafadhali. Kama yule binti angekufa, angekufa kwa sababu ya pasi na sabuni yangu, na hilo hakuna cheti kinachofuta.

Halafu tukasikia mtoto. Sauti ndogo, kisha kubwa, kisha ya hasira kabisa.

Nesi wa hospitali akatoka akasema ni wa kike, na mama anaendelea vizuri. Mabula, aliyeitwa mfiwa asubuhi, akaanza kucheka peke yake.

Afande alipopata habari alikuja na baiskeli hadi hospitali. Nilijua nafukuzwa. Aliniuliza kila kitu, hatua kwa hatua, kisha akasema kosa ni lake pia, alitufundisha watu wanavyofunikwa jeshini, hakutufundisha wanavyofunikwa kijijini. Akanipa shuka nilifue.

Siku ya tatu ndiyo nilipata moyo wa kwenda kumwomba Minza msamaha. Nilimkuta ananyonyesha. Nikamweleza lilikuwa shuka langu, na kwamba watu walidhani amekufa.

Akasema anajua. Alikuwa anasikia yote.

"Nilisikia njia imenyamaza," akaniambia. "Hakuna anayepokea. Nikajua basi, mimi ndiye maiti. Nikawaza kumbe kufa hakuumi kama uchungu."

Akamhamishia mtoto titi la pili.

"Halafu huyu akanipiga teke. Nikasema maiti haipigwi teke. Nikataka kukuita, dada, lakini ulikuwa umeniambia ninyamaze."

Alicheka, halafu akashika mshono wake kwa maumivu, akaniambia nisimchekeshe. Mimi sikuwa nacheka, nilikuwa nalia kile kilio nilichoambiwa nitalia baadaye.

Basi kijana uliyeuliza, jibu langu ndilo hili. Jitolee. Masomo nilifaulu, na kazi hii niliifanya miaka mingi baadaye, nimebeba watu wengi sana. Lakini ukifika kwenye nyumba ya mtu, kabla hujafungua sanduku lako, uliza wao wanambebaje mgonjwa wao. Na mwache mgonjwa aongee. Hayo mawili hayakuwa kwenye mtihani niliowapiga wanaume kumi na saba.

Uwanja ni wenu. Mliowahi kuweka bega kwenye machela, Mpanda, Mishamo, popote, semeni yenu. Na wanaotaka kunisuta kwa lile somo la vijidudu waje pia, nimeshazoea, mume wangu Deusi ananisuta kila Pasaka.